Jicho lijue pa kutazama: kumfundisha mwanafunzi mazao, magugu na ubora wa mbegu

Weka miche miwili mezani. Yote ina majani matatu membamba, kijani kilekile, urefu uleule wa kidole. Waulize wanafunzi upi ni mpunga na upi ni gugu. Darasa zima litainamia majani. Watalinganisha upana, watalinganisha rangi, mmoja atasema huu mbona umelegea kidogo. Baada ya dakika kumi kura zimegawanyika katikati, na hata waliopatia hawawezi kueleza wamepatiaje.

Sasa mpe mmoja lenzi ya mkono, umwambie alivute jani taratibu liachane na shina, kisha atazame pale jani linapoungana na ala, ile sehemu inayolifunika shina kama mkono wa shati. Kwenye mche mmoja ataona kijiutando cheupe kimesimama kama ulimi uliogawanyika ncha, na kando yake vijisikio viwili vyenye vinyweleo. Huo ndio mpunga. Kwenye mche wa pili hakuna ulimi wala masikio, ngozi ni tupu. Hilo ni gugu la jamii ya Echinochloa, adui mkubwa wa mashamba ya mpunga duniani kote, na kukosa kitu ndiyo alama yake.

Nimeanza na meza hii kwa sababu somo la kutambua mimea hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni kukariri majina. Mwanafunzi hupewa kitabu cha picha na orodha ya mimea mia, akariri, afanye mtihani, asahau. Anachohitaji kwanza ni kujua pa kutazama. Jina litakuja lenyewe baadaye, na hata likichelewa, mtu anayejua pa kutazama hatang'oa zao akaacha gugu.

Kwa nini magugu hufanana na mazao

Kufanana huku hakukutokea kwa bahati. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, aliyefariki mwaka 1943, ndiye aliyelieleza jambo hili hata likapewa jina lake. Mpaliliaji anapopita shambani huling'oa gugu analoliona. Lile linalofanana na zao linamponyoka, linazaa, na mbegu zake ndizo zinazorudi mwaka unaofuata. Rudia kazi hiyo kwa mamia ya miaka, na jicho la mpaliliaji litakuwa limechagua magugu yale tu yasiyoonekana. Mwaka 2019 watafiti nchini China walichunguza jenomu, yaani jumla ya vinasaba, za gugu la Echinochloa wakakadiria kuwa umbo lake la kuiga mpunga lilianza kujijenga takriban miaka 1,000 iliyopita. Shina lililolala likawa wima, wekundu wa chini ukafifia ukawa kijani. Binadamu ndiye aliyelifundisha gugu kujificha, kwa kulipalilia.

Jambo hilohilo hutokea kwenye kupepeta na kuchekecha. Kuna gugu la jamii ya kunde ambalo mbegu zake kwa asili ni za mviringo. Katika mashamba ya adesi, zile dengu bapa, lilijitokeza umbo lenye mbegu bapa pia, kwa kuwa za mviringo zilitengwa na za bapa zikapita pamoja na zao. Vavilov aliona hata gugu linaweza kupanda cheo: nafaka ya rai ilianza kama gugu ndani ya ngano, na pale baridi au udongo mbaya ulipoishinda ngano, watu wakavuna rai.

Mwanafunzi akilielewa hili, anaelewa pia kwa nini mtazamo wa jumla humsaliti. Rangi, urefu na mkao wa majani ndivyo vitu ambavyo jicho la mpaliliaji limevitumia miaka yote, na ndivyo gugu lilivyojifunza kuviiga. Hakuna mpaliliaji aliyeinama na lenzi kutazama ulimi wa jani. Kwa hiyo ulimi haukuigwa. Tofauti zimebaki mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama: kwenye maungio, chini ya ala, ndani ya udongo.

Pa kutazama

Kwa mimea yenye majani membamba, safari huanzia kwenye shina. Lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Likizunguka laini, uko kwenye jamii ya nyasi, walipo mahindi, mpunga, ngano na mtama. Likikwama kwenye pembe tatu, uko kwenye jamii ya ndago. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Ndago huchipua upya kutoka kwenye vitunguu vyake vidogo vilivyo chini ya udongo, na dawa nyingi zinazoua nyasi hazimgusi. Anayeita ndago "nyasi" atapoteza msimu.

Ukishajua ni nyasi, nenda kwenye ungio la jani na ala. Ngano ina masikio mafupi yenye vinyweleo. Shayiri ina masikio marefu yasiyo na vinyweleo, yanalizunguka shina hadi ncha zinapishana. Oti haina masikio kabisa. Mimea hii mitatu ikiwa michanga huwachanganya hata watu wazima waliokulia shambani, lakini ungio moja linamaliza ubishi kwa sekunde tano.

Kwa mimea ya majani mapana, tazama kwanza majani mawili yanayotangulia, yale ya kotiledoni, kwa sababu umbo lake halibadiliki kirahisi kwa shibe au njaa ya mmea. Kisha uangalie kama majani yamepangwa yakitazamana au kwa kupokezana, kama shina lina pembe nne, kama ukilivunja linatoa utomvu mweupe, kama kwenye kifundo kuna utando uliovaa shina kama soksi. Kila alama huondoa jamii nzima ya mimea kwenye mjadala. Maharagwe, kunde na soya hupandisha kotiledoni zake juu ya udongo. Mbaazi na njegere huziacha chini. Mwanafunzi anayelijua hilo anaweza kutenganisha miche ya siku tano kabla haijawa na jani hata moja la kweli.

Na kuna njia ambayo naipenda kuliko zote, ingawa huchafua mikono. Chimba mche kwa kijiti, usiuvute, na utikise udongo polepole. Mara nyingi ganda la mbegu bado limening'inia mzizini. Mche mnene wa nyasi ukiwa na kipande cha punje ya mtama chini yake, hakuna tena cha kubishana. Ukiwa na kijiganda chembamba cheusi, au umechipuka kwenye kipande cha shina lenye pingili lililotambaa chini ya ardhi, huo ni mtama mwitu, ndugu ambaye kwa juu anafanana na mtama kama pacha.

Ni haki pia kuwaambia wanafunzi pale jicho linaposhindwa. Ulezi na ndugu zake wa porini, wakiwa wachanga, ni mtihani mgumu kwa yeyote, na alama za kuaminika huja wakati wa masuke: ulezi hushika punje zake, wa porini huzidondosha. Hapo mkulima hutumia akili nyingine. Hupanda kwa mistari, na chochote kilicho nje ya mstari ni mgeni.

Namna ya kufundisha haya yote ina uzito kuliko orodha yenyewe. Onyesha mimea miwili miwili inayofanana, usionyeshe mmoja mmoja. Mmea uliokaa peke yake mezani haumfundishi mtu tofauti, kwa sababu hakuna cha kuutofautisha nacho. Kila wiki changanya mimea ya wiki zilizopita na mipya bila kutangaza. Leta mche, leta mmea wenye ua, leta uliokomaa, leta na ule ulionyauka au uliokosa naitrojeni ukawa njano, ili mwanafunzi aliyezoea kutegemea rangi akosee darasani kabla hajakosea shambani. Mwambie achore. Mchoro mbaya una faida zaidi ya picha nzuri ya simu, maana mkono hauwezi kuchora ungio ambalo jicho halijalitazama. Katika mashindano ya vyuo vya kilimo nchini Marekani wanafunzi huwekewa sampuli 200 za kutambua, nyingine mimea kamili, nyingine mbegu tupu, na wanaofanya vizuri huwa ni wale walioshika mimea kwa mikono yao mara nyingi.

Mbegu mezani

Mbegu ni mmea uliofungwa, na magugu ya msimu ujao mara nyingi huingia shambani ndani ya gunia moja na zao. Ndiyo sababu siwezi kutenganisha somo la kutambua mimea na somo la ubora wa mbegu. Mwaka 1869 Friedrich Nobbe alianzisha huko Tharandt, Ujerumani, kituo cha kwanza cha kupima mbegu, kwa sababu wakulima walikuwa wakiuziwa mbegu zilizochanganywa na takataka. Chama cha Kimataifa cha Upimaji wa Mbegu, ISTA, kiliundwa mwaka 1924, na taratibu zake ndizo msingi wa maabara nyingi leo.

Kila kitu huanza na sampuli. Ukichota juu ya gunia umepima juu ya gunia tu. Mbegu nyepesi na makapi hupanda, nzito hushuka, na panya na unyevu huwa na upande wanaoupenda. Bambo, ule mchuma wenye tundu unaochomwa gunia, uliundwa ili kuchota juu, katikati na chini, katika magunia mbalimbali. Kosa la hapa haliwezi kusahihishwa na mashine yoyote ya baadaye.

Mwaga sasa sampuli kwenye karatasi nyeupe, na kwa kijiti bapa itenge katika mafungu matatu: mbegu safi za zao lenyewe, mbegu za mimea mingine, na uchafu usio na uhai. Utaratibu wa kimataifa hutaka sampuli yenye uzito wa mbegu zisizopungua 2,500, na kwa kutafuta mbegu za magugu peke yake, mara kumi ya hapo. Mwanafunzi hulalamika kwamba ni nyingi. Mwache alalamike hadi atakapopata punje moja nyeusi, umbo la figo, yenye vishimo vishimo, kati ya soya. Hiyo ni mranaha. Mwaka 2019 nchini Uganda watu karibu 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe uliochafuliwa na sumu ya mmea huo. Punje ile ilikuwa na sura yake tangu mwanzo, na mtu aliyezoeshwa angeitambua.

Mpunga mwekundu unafundisha ujanja mwingine. Ni spishi ileile ya mpunga, na ukiwa ndani ya kumvi punje zake nyingi haziwezi kutofautishwa. Lazima ukoboe. Chukua punje mia, zikoboe kwa mkono, na kati ya nyeupe itatokea moja yenye ngozi nyekundu kama udongo wa matofali. Gugu hili hudondosha punje kabla ya mavuno, kwa hiyo ile moja ikipandwa, baada ya misimu michache ziko ardhini nyingi zisizohesabika.

Hapa ndipo penye fundo ambalo wengi hawalifungui: asilimia ya usafi hupimwa kwa uzito, lakini madhara ya magugu huenda kwa idadi. Mbegu zenye usafi wa asilimia 99.9 zinasikika kama hazina kasoro. Kilo moja yake ina gramu 1 ya vitu vingine. Kikiwa ni kokoto, hakuna neno. Kikiwa ni kiduha, gramu hiyo moja inaweza kubeba mbegu zaidi ya 100,000, maana mbegu yake ni vumbi, upana wake ni theluthi moja tu ya milimita au pungufu. Huvizia udongoni kwa miaka hadi mzizi wa mahindi au mtama utoe kemikali inayoiamsha, kisha hujishikiza mzizini na kunyonya. Kwa hiyo mwanafunzi akisoma cheti cha usafi, swali lake la kwanza lisiwe "asilimia ngapi?" bali "ile iliyobaki ni nini?"

Fundo la pili ni neno lenyewe "safi". Kwa kanuni za maabara, mbegu iliyosinyaa, isiyokomaa, hata kipande cha mbegu kinachozidi nusu ya ukubwa wake, huhesabiwa kuwa mbegu safi ilimradi kitambulike. Punje ya hindi iliyobunguliwa na fukusi sehemu ya kiini tete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, bado ni safi, ingawa haitaota kamwe. Usafi hujibu swali la "ni nini?" Swali la "iko hai?" lina kipimo chake.

Na jicho, ambalo tumelifundisha kwa bidii yote hii, hapa linafika ukomo. Linaweza kuona matundu, ukungu, ganda lililopasuka, rangi iliyofifia. Haliwezi kuona kifo. Maharagwe yanayong'aa yaliyokaa kwenye joto na unyevu miezi kadhaa yanaweza kuwa yamekufa yote. Kanuni ya makadirio ya mtaalamu wa mbegu James Harrington inaeleza kwa nini: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka maradufu, na kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Mbegu iliyokaushwa kutoka asilimia 14 hadi 10 imezidishiwa maisha mara kumi na sita. Bila mashine, unyevu uliopita kiasi hugunduliwa kwa chumvi: tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa, subiri. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu zimezidi takriban asilimia 15 na zirudi juani.

Uhai wenyewe hupimwa kwa kuotesha. Mbegu 400, katika makundi manne ya 100, kwenye karatasi yenye unyevu au mchanga safi. Ngano huhesabiwa siku ya 4 na ya 8, mahindi ya 4 na ya 7, maharagwe ya 5 na ya 9. Kwa nini 400? Chukua mbegu ambazo kwa kweli 85 katika kila 100 zinaweza kuota. Mwanafunzi mmoja akiotesha 100 anaweza kupata 79, mwenzake akapata 91, na hakuna aliyekosea popote. Kwa mbegu 100, karibu mara 19 kati ya 20 jibu litaangukia kati ya 78 na 92. Kwa 400, mipaka husogea hadi 81 na 89. Nimeona madarasa yakigombana juu ya nani alizembea, kumbe kilichowagombanisha ni bahati ya kuchota. Waache wajumlishe hesabu za meza zote ubaoni, wataona namba ikitulia.

Kuhesabu nako kuna hukumu ndani yake. Kuchipua hakutoshi. Mche wa haragwe unaweza kusimama wima, kotiledoni mbili zimenona, na katikati yake hakuna kichipukizi, ni kipara. Mara nyingi ni haragwe lililodondoshwa likiwa kavu sana au kupigwa kwa nguvu wakati wa kupura, likavunjika ndani bila ganda kuonyesha. Mche huo huhesabiwa kuwa si wa kawaida na hauingii kwenye asilimia. Zile ambazo hazikuota nazo huchunguzwa kwa koleo ndogo. Iliyolainika na kutoa maji ya maziwa imekufa. Iliyo ngumu kama kokoto, haijanyonya maji kabisa, iko hai imejifungia, tabia ya kawaida kwa jamii ya kunde. Iliyonyonya maji ikabaki imara bila kuoza huenda imelala tu, kama mpunga uliovunwa juzi.

Asiyeweza kungoja wiki hutumia kemikali ya tetrazoliamu iliyoyeyushwa katika maji, kipimo kilichoendelezwa na Georg Lakon nchini Ujerumani katika miaka ya 1940. Punje hulowekwa, hukatwa katikati ya kiini tete, huwekwa kwenye maji hayo yasiyo na rangi. Tishu zinazopumua huyageuza mekundu, zilizokufa hubaki nyeupe. Baada ya saa chache mwanafunzi anaona uhai umechorwa kwa rangi ndani ya punje: kiini chote chekundu, au chekundu chenye mabaka meupe ya tishu zilizokufa.

Unganisha sasa usafi na uotaji, maana shamba haliutenganishi. Usafi wa asilimia 96 mara uotaji wa asilimia 85 ni asilimia 81.6 ya mbegu safi zilizo hai. Anayetaka kilo 20 za mbegu hai apime kilo 24 na nusu. Bado hesabu hiyo ni ya hali nzuri ya maabara. Soya mbili zenye uotaji wa asilimia 90 zinaweza kuachana mbali zikiwekwa saa 72 kwenye nyuzi 41 na hewa iliyojaa unyevu kisha zikaoteshwa: moja ikabaki 85, nyingine ikaanguka 40. Hiyo nguvu iliyofichika ndiyo huamua nani atatoboa udongo uliojigandamiza.

Mwanafunzi mmoja mdadisi huuliza kila mwaka kwa nini tusioteshe pia mbegu za magugu kwa siku saba tukamaliza. Tujaribu, huwa nasema, na mara nyingi karatasi hubaki kimya. Mbegu za mazao huota pamoja kwa siku chache kwa sababu kwa maelfu ya miaka tumevuna na kupanda tena zile tu zilizoota tulipozipanda. Iliyochelewa haikuingia kwenye mavuno. Gugu halikupata mwalimu wa namna hiyo, na aliyempata, yule mwenye jembe, aliziua zilizoota pamoja na kuziacha zilizongoja. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa 20 katika udongo wa Michigan, kila moja na mbegu 50 za kila spishi kati ya 21, nyingi zikiwa magugu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa imekaa chini miaka 142, na mbegu za mmea wa Verbascum zilizokuwa ndani yake ziliota. Inayofuata itafukuliwa mwaka 2040.